Kofia ya Saba

Katibu alikuwa amebakiza ukurasa mmoja tu kumaliza historia ya chama cha wauza wanyama wa nyumbani, alipokisugua kwa kidole gumba kibati cha namba kilichotunzwa na chama kama ushahidi.

Kilikuwa kwenye mkanda wa mbwa aliyeuzwa akiwa na kichaa, akamng'ata mtoto wa watu hadi mauti. Kila mwanachama aligonga namba yake kwenye vibati vya mikanda ya dukani kwake, na hiki kilisomeka saba, namba ya Mzee Kasuku. Baba yake Katibu, mwenyekiti na mwanachama namba moja, ndiye aliyemfukuza chamani.

"Mbwa yule si wangu," Kasuku aliapa kwa miaka thelathini. "La kuvunda halina ubani." Watu wakamcheka.

Sasa Katibu akapitisha ukucha. Mguu wa ile saba ulizama ndani ya bati, umegongwa kwa nyundo. Kofia yake, ule mstari wa juu, ilikwaruzwa juujuu tu, kama kwa msumari.

Ukiivua kofia, inabaki moja.

"Mwanangu," baba aliita kutoka sebuleni, "hiyo historia imeisha? Njoo unisomee basi."

Katibu akakifumbata kibati.

"Nakuja, Baba. Ila leo utanisomea wewe."