Maji ya Upande Wetu

Ubao wa kwanza wa lango la mfereji ulikuwa umeshang'oka, na maji yalianza kurudi mtoni. Leimomi alijifuta utelezi wa kijani viganjani, akaushika wa pili.

"Shangazi, acha!" Mlinzi wa kampuni alikuja mbio, simu mkononi ikirekodi. "Haya maji yanakwenda ng'ambo ya mlima. Kule mvua hainyeshi!"

"Ulitaka inyesheje?" Alinyanyua kidevu kuelekea kileleni, mawingu ya bahari yalikokwama kama kila asubuhi. "Huu mlima unayakamata mawingu, unayakamua huku kwetu. Umegawa hivyo tangu ulipokuwa ukitema moto. Nyinyi mkautoboa tumbo, mmwagilie nyasi za wacheza gofu."

"Mimi nimetumwa tu."

"Basi wapelekee hili." Alitoa gimbi mfukoni, akalibonyeza, kidole kikazama mpaka kwenye fundo. "Maji yakipungua shambani yanapata joto, magimbi yanaoza. Nusa!"

Mlinzi aligeuza uso. "Shangazi, video hii lazima niipeleke kwa wakubwa. Taja jina lako."

Leimomi alivua kofia ili uso uonekane vizuri. Alitaja jina lake, la mama yake, la bibi yake, kisha jina la mvua ya bonde lao, maana huko kila mvua ina jina lake.

"Umepata yote?"

"Nimepata."

"Basi usizime," akasema, akapiga magoti majini na kuukumbatia ubao wa pili. "Zimebaki saba."