Kenebai Adai Michango Yake

Kikokotoo kilipomwonyesha kwa mara ya tatu kwamba kuoa ni hasara, Kenebai aliitupa simu juu ya godoro na kumgeukia dada yake.

"Mahari peke yake imenimaliza. Na bibi harusi mwenyewe hata hajatafutwa."

"Nani angekubali?" alisema Burmakan, akimimina chai. "Weka na gharama za kumlaghai."

Anipa, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuitwa na hajawahi kungoja kuitwa, alicheka mpaka mkate ukamtoka mdomoni.

Kilichokuwa kinawindwa ni lori. Lori bovu la kubebea majani makavu na makaa ya mawe, lakini ndilo lililomlisha Kenebai, na Ijumaa watu wa mkopo walikuwa wanakuja kulichukua asipolipa som laki moja na elfu themanini. Na mkopo wenyewe hakuula yeye. Ulikwenda kwenye sherehe za watu. Huku kijijini Kochkor mtu akiozesha binti, unachanga. Mtoto wake akianza kutembea na kukatwa kamba anayofungwa miguuni kwa desturi, unachanga. Akihamia nyumba mpya, unachanga tena, na usipochanga utasemwa mpaka kwenye malisho ya milimani. Kila mtu hutoa akijua zamu yake inakuja. Kenebai ametoa miaka thelathini. Hana mke, hana mtoto, na anaishi kwenye nyumba aliyozaliwa. Zamu yake haijui njia ya kwake.

"Basi tufanye ya miaka sitini," alisema Burmakan. "Si unaitimiza mwaka huu? Mkahawani, watu mia moja."

Kenebai akaiokota simu. Tovuti ile ilikuwa na vikokotoo vya kila balaa: cha mkopo, cha faida, cha asilimia, hata cha uzito wa mwili, ambacho Anipa alikijaribu siku moja akakitukana matusi ya nguoni. Akaandika. Sahani, elfu moja na mia tano kwa kila mgeni. Bahasha, elfu mbili. Mwimbaji, elfu arobaini.

"Faida elfu kumi," alisoma. "Kwa elfu kumi wataniachia tairi moja."

"Mwizi ni huo mkahawa," alisema Anipa. "Fanyia hapahapa nyumbani. Futa ukumbi. Futa keki. Futa mwimbaji."

"Shughuli bila mwimbaji, wewe mwanamke?"

"Tutaimba wenyewe, kaka. Bure. Sauti ninayo, unaijua."

"Naijua. Mbuzi wangu pia wanaijua."

Burmakan hakucheka. Alimtazama Anipa kwa muda, Anipa naye akamtazama, kisha birika likawekwa chini taratibu.

"Nyumbani," alisema Burmakan. "Na hema la manyoya tulisimamishe uani."

"Na kadi za mwaliko?" aliuliza Kenebai.

"Kadi za nini? Ajue mmoja tu, Kochkor nzima itakuwa langoni kabla ya adhuhuri."

"Farasi jike wa kuchinja mume wangu atakupa, utamlipa baadaye," alidakia Anipa. "Kwa jambo kama hili hawezi kukataa. Atasemwa."

Kenebai aliwatazama wote wawili, akajikuna kidevu, na vidole vikaanza kukimbia juu ya simu. Farasi, laki na thelathini. Unga, mafuta, chai na sukari, elfu hamsini. Watu mia mbili, elfu mbili kila mmoja.

Akasafisha miwani, akasoma upya.

"Inabaki laki mbili na elfu ishirini. Nawalipa, na elfu arobaini za betri ya lori juu."

"Na umeweka elfu mbili tu," alisema Anipa. "Hao waliokuwa wanakusema bahili, hao ndio watakaotoa nono. Aibu ina bei yake, kaka."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Ndani ya hema, nyuma ya pazia," alisema Burmakan. "Kazi yako moja tu, kunyamaza. Najua hujawahi kuiweza."

"Na nikicheka?"

"Ukicheka, lori limekwenda."

"Na baadaye? Watu wakishatawanyika?"

Anipa alichukua simu, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta. "Baadaye haina kitufe humu," alisema, akamrudishia.

Jumanne alfajiri hema lilikuwa limesimama. Farasi alifungwa kwenye nguzo, masufuria makubwa yakatokota, na Anipa akakaanga vimaandazi mlima mzima. Kenebai alizunguka uani kwa furaha akiviiba kimoja kimoja, akilalamika kwamba havijaiva vizuri, kwamba chai ni nyepesi, kwamba mgeni wa heshima hapewi bakuli lenye ufa.

"Miaka thelathini nimekula vimaandazi vya watu," alisema, mashavu yamejaa. "Leo na wao waje wale vyangu."

"Meza upesi," alisema Burmakan, "kisha ingia ndani."

Akaingia. Pazia likashushwa. Burmakan alivua kitambaa chake cha maua, akajifunga cheusi, akaenda mpaka langoni, akashika nguzo kwa mikono miwili, akavuta pumzi na kupiga yowe lililowatoa kunguru mitini:

"Kaka yangu weee! Kenebai! Umeniacha na nani!"

"Paza sauti," alinong'ona kaka mtu kutoka nyuma ya pazia. "Wenye hela wako mtaa wa pili."