Waya wa Bluu

Kitendawili, nakutegea wewe: kutwa anamfuata mkubwa wake, lakini mkubwa akisimama ghafla, yeye humsukuma shimoni. Usihangaike, mjukuu wangu. Ni tela lisilo na breki.

Ndilo lililomuua mume wa fundi umeme, mteremkoni, akilivuta kwa pikapu ya kaka yake. Msibani, kaka mtu akatangaza kuwa marehemu alikuwa amelewa. Mama yao akaamini.

Leo shemeji huyo kaleta pikapu mpya kwa fundi, afungiwe kidude cha kudhibiti breki za tela. Mama kaketi kwenye benchi, mkoba mapajani.

Fundi alikuwa amelala chini ya usukani. Ulibaki waya mmoja wa bluu, ule unaopeleka umeme kwenye breki za tela. Aliuviringisha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Angeuficha tu, aseme tayari, nani angejua? Lakini kifo kingemziba shemeji mdomo, na yeye alitaka mdomo ule useme.

"Shemeji, funga basi! Mawe yameshapakiwa kwenye tela."

"Siku ile alikuwa amelewa?"

"Ah, ya kale hayo! Umeamkaje wewe leo?"

"Huu nisipoufunga, taa zitawaka vizuri tu. Utateremka unapiga mluzi, kama yeye. Alikuwa amelewa?"

Shemeji akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Mwanangu," mama akasema, "umeulizwa. Mbona unatazama viatu?"

Fundi akangoja, waya kidoleni.

"Hakulewa, mama. Tela halikuwa na breki, na mimi nilijua."