Herufi kwa Herufi

"Andika Kirando," mkufunzi aliamuru, "wenzako waone kama kuna mtu anayehangaika na huko kwenu."

Luciana akaandika. Projekta ikamulika jibu la kanzidata ya utafiti wa uuguzi kwenye ukuta wa darasa: sifuri.

"Ndiyo maana ripoti yako niliikataa. Haikufaa hata kufungia maandazi. Nenda kakae."

Hakwenda. Asubuhi ileile mkufunzi mwenyewe alikuwa amewafundisha kwamba mashine haibahatishi. Ukiweka alama za kunukuu, inakuletea ulichoandika, herufi kwa herufi. Na mwaka jana, katika ripoti ile ya akina mama wanaokamua maziwa yao ya kwanza baada ya kujifungua na kuyamwaga, Luciana aliandika jina la kwao kama bibi yake anavyolitamka.

Akafuta r, akaweka l, akalizungushia neno alama za kunukuu.

Darasa likacheka.

"Kilando," mkufunzi akamwigiza. "Miaka mitatu mjini, na ulimi bado uko kijijini."

Luciana akabonyeza.

Ikaja makala moja. Kichwa cha habari kilikuwa chake, neno kwa neno, na l yake ikiwa palepale. Chini yake kulikuwa na jina la mwandishi, na hilo halikuwa lake.

Kicheko kikakatika.

"Zima hiyo," mkufunzi alisema, akiruka kuziba ukuta kwa mwili wake.

Luciana akaondoa mkono kwenye kipanya, akaukunja kifuani.

Mwanga ukamwangukia mkufunzi kwenye koti jeupe, na jina la mwandishi likatua juu kidogo ya beji yenye jina hilohilo.