Wavu wa Marehemu Baba

"Mzee Evaristo, umepotea? Bucha iko ng'ambo ya pili," mama muuza vitabu akamtania.

Evaristo hakucheka. Mji mzima wa Tandil ulimjua kwa nyama choma, na leo alikuwa ameshika kitabu cha mapishi yasiyo na nyama, maziwa wala yai.

Binti yake, asiyekula chochote cha mnyama, alikuwa amekubali kuja Jumapili. Miaka miwili hakukanyaga kwake, tangu Evaristo alipozipaka pilipili hoho za binti huyo mafuta ya ng'ombe kwa siri, akamwacha ale, kisha akawatangazia wote mezani. Walicheka mpaka machozi. Binti alisimama akaondoka.

Akafunua kurasa mpaka kwenye biringanya za kuchoma. Maelezo yalianza hivi: sugua wavu wa kuchomea kwa sabuni mpaka yasibaki mafuta hata chembe.

Wavu wake ulikuwa wa marehemu baba yake. Haukuwahi kuonja sabuni. Ulisuguliwa tu kwa kipande cha mafuta ya ng'ombe juu ya makaa, na weusi wake ndio uliokuwa fahari ya nyumba.

Alipoinua kidole gumba, kiliacha doa la mafuta juu ya picha ya biringanya.

"Haya, hicho umeshakinunua," muuza vitabu akasema.

Evaristo alilitazama lile doa.

"Mama," akauliza taratibu, "sabuni gani inatoa mafuta ya miaka hamsini?"