Boti ya Mgeni Mmoja

"Kaa katikati, mgeni. Ukilalia upande huo, wote tunakunywa maji."

Mgeni akasogea katikati. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevua viatu, usingizi umemjaa machoni. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, hata nywele, kama nywele huuma, zilimuuma. Lakini alisogea, maana Nahodha hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Umetia nanga?"

Mwanamke akatafuta kwa mguu, akakanyaga chuma, kikalia ka!

"Sawasawa. Leo boti nzima ni yako. Hakuna kubanana na watu wenye vitoto vinavyotapika. Humu ndani ya mwamba maji ni shwari, mawimbi yabaki huko nje yapige kelele zao. Ukitaka kasa, tunakwenda kwa kasa. Ukitaka matumbawe, tunakwenda kwa matumbawe."

"Nataka tuanze na maski," alisema mwanamke.

Alikuwa nayo mapajani. Tangu asubuhi hakuwa na wazo jingine. Msimamizi wa zamu alikuwa amemwambia bila kuzunguka: wamebembeleza vya kutosha, leo maski isipokaa usoni inavyotakiwa, wataleta mikanda. Alikuwa ameiona ile mikanda ikining'inia ofisini, mipana, mizito, na hakutaka kuiona ikimfunga mtu.

"Haraka ya nini?" Nahodha alisema. "Kasa wenyewe bado wamelala. Ngoja kwanza nikupe habari ya pweza."

"Pweza gani tena?"

"Mwizi. Siku moja nimezama namtafutia mgeni pete yake, pweza akanivua saa. Saa ya mkono! Nikamshika mkono, akanipa mwingine. Nikaushika huo, akanipa mwingine. Utabishana na mtu mwenye mikono minane?"

"Ukamwachia?"

"Nikamwachia. Na nimepata faida, maana siku hizi nikiwa chini sihangaiki. Namuuliza saa ngapi, ananionyesha." Alikohoa, akakohoa tena, ikabidi ashike ukingo mpaka kikohozi kipite. "Ila inachelewa kidogo. Maji yameingia."

Mwanamke alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. Kilitoka nusu, nusu nyingine ikabaki huko huko ndani.

Juu yao upepo ulikuja, ukazunguka, ukaja tena.

"Mumeo hapendi maji?"

"Amebaki na watoto."

"Vizuri. Acha naye aonje utamu wao. Mimi nina binti mmoja. Mwoga wa maji, sijapata kuona! Kumwosha uso tu ilikuwa vita, majirani wakidhani tunachinja mtu."

"Na siku hizi?"

"Nani anajua? Huwa haji."

Mwanamke akainamisha kichwa, akawa anazinyoosha kamba za maski ingawa hazikuwa zimejikunja.

"Nahodha, naogopa," alisema baadaye. "Naomba uivae wewe kwanza, nione inavyokuwa."

Nahodha akaitazama maski kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani.

"Mimi? Mimi nazama kwa pumzi zangu. Hiyo inabana. Inaniziba."

"Basi turudi. Kama nahodha mwenyewe anaiogopa, mimi ni nani?"

"Nani anaogopa?"

"Sijui. Namwona tu mtu anarudi nyuma."

"Wewe dada una mdomo!"

Mahali fulani karibu watu walizungumza kwa sauti ya chini, kisha wakaacha. Mwanamke hakugeuka. Aliendelea kuishika maski mbele ya yule mzee.

"Katika kazi hii," Nahodha alisema hatimaye, sasa kwa sauti ya mtu aliye kazini, "mgeni haachwi peke yake na hofu yake. Lete hapa. Tazama vizuri, sitarudia."

Akaivaa mwenyewe. Mwanamke akamkazia kamba nyuma ya masikio, taratibu, asimvute nywele. Macho ya Nahodha yakatanuka. Mkono ukapanda kuing'oa, ukafika shavuni, ukasita, kwa sababu mgeni alikuwa anatazama. Ukashuka.

Kwa vile hakuweza kusema, akafundisha kwa kiganja. Juu: vuta. Chini: toa. Polepole, usigombane na hewa. Mwanamke naye akainua kiganja chake, akakishusha. Juu. Chini. Kifua cha Nahodha, kilichokuwa kikienda mbio, kikaanza kuufuata mkono wake mwenyewe. Rangi ya kijivu ikaanza kumtoka midomoni.

Akanyoosha kidole upande wa miguuni. Kasa.

"Namwona," alisema mwanamke. "Mkubwa!"

Nahodha akaitikia kwa kichwa, kwa fahari ya mtu aliyemfuga, akafumba macho, akaendelea kuvuta.

Pazia likafunguliwa. Nesi aliingia na mikanda begani, akatazama namba kwenye mashine iliyo juu ya kitanda, akazitazama tena, kisha akaificha mikanda nyuma ya mgongo.

"Amekubali oksijeni!" alinong'ona. "Dada, umemwambiaje baba yako?"

Binti akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, nesi," alisema. "Tuko chini ya maji."