Sala ya Mezani

"Hakuyumba katika imani hata siku moja," askofu wa Kilutheri alisema mbele ya jeneza la mchungaji wake, na hapo ndipo mjane aliposimama.

Kanisa zima likamgeukia. Mwanawe wa kwanza akamvuta upindo wa gauni. "Mama, keti, tafadhali."

"Niache, mwanangu." Akamtazama askofu. "Samahani, Baba Askofu. Huyo unayemsifu mimi simjui. Mume wangu aliyumba."

Hata waliokuwa wakijipepea waliacha.

"Tulipomzika binti yetu, akawa haombi tena. Hapa madhabahuni mlimsikia, maana ndiyo kazi yake. Nyumbani sala ya mezani niliisema mimi, yeye kainamia sahani. Aliushika mkono wangu tu, akaubana mpaka pete ikaniumiza."

Alikisugua kidole chenye pete, taratibu, kama bado kinauma.

"Jioni moja na mimi nikaishiwa nguvu. Chakula kipo mbele yetu kinapoa, machozi yananitoka, neno halitoki. Nikamsikia anakohoa, anaitafuta sauti. Akasema, 'Bwana, mke wangu amechoka. Leo nisikilize mimi.'"

Askofu aliikunja hotuba yake, akaitia mfukoni. Mwana alikuwa bado ameshika upindo wa gauni la mama yake, ila sasa havuti.

"Huyo ndiye mume wangu," mjane alisema. "Naomba mumzike huyo."